Picha ya Papa na Kidole cha Mhubiri

Papa Yohane Paulo wa Pili alizuru Tanzania kuanzia tarehe 1 hadi 5 Septemba 1990, akafika Dar es Salaam, Songea, Tabora, Mwanza na Moshi. Chato, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, haikuwamo katika ziara hiyo. Mwanza iko ng'ambo ya ziwa, na Tanzania Bara ilikuwa bado haina televisheni hadi mwaka 1994. Mkristo wa Chato aliyebaki nyumbani aliweza kumsikia Papa redioni. Ili amwone, alihitaji picha iliyochapwa karatasini. Hivyo mpiga picha alikuwa macho ya wale wasiofika.

Kwa Papa huyo kazi hiyo ilikuwa hasa ya Arturo Mari wa gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, aliyemfuata tangu kuchaguliwa kwake mwaka 1978 hadi kufa kwake. Picha nyingi za miaka hiyo zaonyesha makutano makubwa na mikono iliyoinuliwa. Lakini Ijumaa Kuu, 25 Machi 2005, Papa alikuwa mgonjwa, asiweze kuongoza Njia ya Msalaba mjini Roma. Mari alimpiga picha kutoka nyuma, ameketi kanisani mwake, ameushika msalaba. Uso wake hauonekani. Siku nane baadaye alifariki.

Sisi Walutheri tusiseme upesi kwamba jambo hili si letu. Lucas Cranach alimchora Luther mara nyingi, na sura hiyo ikaenea Ujerumani. Hata hivyo, katika madhabahu ya Wittenberg ya mwaka 1547, Luther amewekwa pembeni, mimbarani. Kidole chake chamwelekea Kristo aliyesulubiwa, na washarika wamtazama Kristo, wala si mhubiri.

Picha hizo mbili, za mapokeo mawili yaliyotengana, zakutana mahali pamoja: kiongozi amesogea ili Msalaba uonekane. Leo hatubariki mchungaji wala kuwapa vijana kipaimara pasipo kamera, na mara nyingine mpiga picha husimama kati ya washarika na meza ya Bwana. Hatuzikatai picha, maana bila hizo historia ya sharika zetu itapotea. Ila tujiulize kabla ya kuzitundika ukutani: je, atakayezitazama baada yetu atamwona nani?