Paipu Ziliruka Ukuta, Sheria Ikabaki Ndani

Hapa Riruta ukitaja presha, watu wanafikiria daktari. Lakini hebu tembea kutoka Satellite hadi Kawangware uhesabu. Kuna kompresa ya jamaa wa pancha, mitungi ya gesi imepangwa nje ya duka, pampu ya kusukuma maji hadi ghorofa ya sita, mashine ya kuosha magari. Yote hiyo ni presha, imefungiwa ndani ya chuma au plastiki, inangoja tu mahali pa kutokea.

Maoni yangu ni haya, na unaweza kuyakataa ukimaliza kusoma: Nairobi imejua namna ya kufanya kazi salama na presha tangu izaliwe. Shida ni kwamba ujuzi huo ulibaki nyuma ya geti, halafu paipu zenyewe zikatoka nje zikapita katikati ya watu.

Tuanze na reli. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899, na mji ukaota kando ya karakana zake. Gari la moshi ni nini kama si sufuria iliyofunikwa kabisa na kuwekewa magurudumu? Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Ukiyanyima nafasi hiyo, yanasukuma. Wale wakubwa wa mwisho, injini za Garratt za daraja la 59 zilizotoka Manchester miaka ya 1950, boila zao zilibeba presha ya paundi 225 kwa inchi ya mraba. Tairi ya gari dogo inabeba kama 30 hivi. Moja ya injini hizo, Mount Gelai, bado iko kwenye Makavazi ya Reli pale mjini. Nenda uisimamie karibu uone unene wa ile chuma.

Sasa, watu wa karakana hawakuzaliwa wakijua mambo haya. Dunia ilikuwa imeshalipa karo kwa damu. Mwaka wa 1865 boila za meli ya Sultana zililipuka kwenye mto Mississippi, Marekani, na zaidi ya watu 1,000 wakafa. Mwaka wa 1905 boila ya kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, ililipuka ikaangusha jengo zima na kuua watu 58. Hapo ndipo jimbo hilo likaandika kanuni za boila, na mwaka wa 1915 chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani kikachapisha kitabu cha kanuni ambacho mpaka leo viwanda vya nchi nyingi vinakifuata. Mwaka wa 1937 gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya shule moja huko New London, Texas, ikalipuka na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo gesi ikaanza kutiwa harufu kwa lazima. Kwa hivyo ile harufu mbaya unayosikia mtungi ukivuja imewekwa makusudi, na waliotufanya tuipate ni wale watoto.

Kanuni zenyewe ukizitoa kwenye Kiingereza cha mawakili ni rahisi kuliko unavyodhani. Kabla ya kugusa paipu, funga vali, kisha tia kufuli na ukae na ufunguo mfukoni mwako, ili mwenzako asije akaifungua akidhani anakusaidia. Toa presha iliyobaki ndani, kwa sababu kufunga vali hakuondoi kilichokwisha kuingia. Angalia geji, na usiiamini peke yake, geji huharibika pia. Ukifungua flenji, legeza kwanza bolti za upande ulio mbali nawe, na usizitoe zote kabla hujahakikisha hakuna kitu ndani, ili kikiwepo kirukie kwingine, sio usoni. Ukitaka kujua kama paipu mpya inavuja, ijaze maji badala ya hewa. Maji hayabanwi kwa urahisi, kwa hivyo paipu ikipasuka presha inaisha mara moja. Hewa iliyobanwa ni kama spring, inaachilia nguvu yote kwa pamoja na vipande vinaruka.

Hapa kwetu sheria ya viwanda ilianza kutumika mwaka wa 1951. Ilidai boila na matangi ya presha yakaguliwe, na wakaguzi wakawepo. Lakini soma jina lake tena: sheria ya viwanda. Ilikuwa ya watu wa ndani ya ukuta.

Halafu mwaka wa 1978 paipu ya mafuta ya Mombasa hadi Nairobi ikaanza kazi. Kilomita 450, kipenyo cha inchi 14, mafuta yakisukumwa kutoka usawa wa bahari hadi huku juu. Huwezi kupandisha mafuta mlima wote huo bila presha kubwa. Na paipu ndefu namna hiyo haiwezi kukaa ndani ya geti. Ilipita mashambani, ikapita chini ya barabara, na mji ulivyokua, watu waliokosa pa kuishi wakajenga karibu nayo.

Ndio tukafika Jumatatu, Septemba 12, 2011, Mukuru Sinai, kule Lunga Lunga. Maelezo ya serikali siku ile yalisema vali ilishindwa na presha, petroli ikamwagika ikaingia kwenye mtaro, mtaro ukaipeleka moja kwa moja hadi kwenye nyumba za mabati. Watu wakaja na ndoo na mitungi. Moto ukashika. Takriban watu 100 walikufa, na wengine zaidi ya 100 wakalazwa na majeraha ya moto.

Kuna kitu kilichosemwa sana baada ya Sinai, na mpaka leo bado nakisikia: eti ni tamaa ndiyo iliua wale watu. Kwanza, wako waliokufa wakiwa ndani ya nyumba zao, hawakubeba ndoo yoyote. Pili, walikuwa wameambiwa wahame, sawa, lakini waende wapi? Tatu, na hii ndiyo inaniuma, fundi yeyote wa ndani ya geti alijua kwamba petroli ikimwagika, mvuke wake unatambaa chini chini kutafuta cheche. Alijua kwa sababu alifunzwa. Yule mama wa nje ya ukuta alifunzwa na nani? Tulimpelekea paipu bila kumpelekea maarifa, kisha tukamlaumu kwa kutojua.

Februari 1, 2024 ikatokea tena kwa sura nyingine, Embakasi, eneo la Mradi. Safari hii ilikuwa gesi ya kupikia, mahali palipokuwa pamezungukwa na makazi. Watu walikufa na mamia wakaumia. Mamlaka ya EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya mahali pale mara tatu mwaka wa 2023. Yaani karatasi ilikataa mara tatu, lakini gesi ikaendelea kujazwa. Kanuni ilikuwepo, ilikuwa ofisini.

Najua kuna mtu atasema, hayo ni mambo ya kampuni kubwa, sisi huku mtaani tuna vipaipu tu. Ndugu yangu, tangi la kompresa la pale kwa pancha halina habari kwamba liko kwa kibanda. Likila kutu ndani, na vali yake ya usalama iwe imezibwa kwa sababu "inapiga kelele," hilo ni boila ya Brockton ikiwa ndogo. Na kijana anayeajiriwa leo asubuhi kufungua paipu ya maji chini ya jengo, akipewa spana tu na kuambiwa afanye haraka, yuko mahali pale pale alipokuwa mfanyakazi wa reli miaka 100 iliyopita, tofauti ni kwamba yule wa reli alikuwa na msimamizi.

Sheria ya sasa, ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, haisemi viwanda pekee. Inagusa kila mahali watu wanapofanyia kazi, pawe pa kudumu au pa muda. Kwa karatasi, kile kibanda cha pancha kimo, na ule mtaro unaochimbwa kando ya Naivasha Road umo. Kwa hivyo hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji mkaguzi ashuke kwenye gari aingie mtaani, vyuo vya ufundi vifunze kufuli kabla ya spana, na wenye majengo walipe ile nusu saa ya kutoa presha kabla ya kazi kuanza.

Na wewe kijana wa kazi, ukiambiwa "fungua tu, haina kitu," uliza swali moja: nani ameangalia? Kama hakuna jibu, weka spana chini. Kazi nyingine utapata. Uso mwingine hupati.