Maji Hayageuki Mafuta: Historia ya Nishati Mwambao wa Ziwa Nyasa

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa na kuishambulia kwa mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, mahali palipoitwa Sphinxhafen enzi hizo. Wajerumani walikuwa hawajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Meli zote mbili zilitembea kwa kuni. Miti ya mwambao ndiyo iliyochemsha maji, mvuke ukasukuma mitambo, na gharama yake ilionekana wazi: msitu uliokatwa na migongo ya watu walioubeba.

Tangu siku hizo watu wa upande huu wamepokea nishati moja baada ya nyingine. Baada ya kuni zilikuja dizeli na petroli. Mwaka 2011 uchimbaji wa makaa ya mawe ulianza Ngaka, Mbinga, na malori yakaanza kupishana barabarani. Lakini gari na pikipiki havitembei kwa makaa ya mawe. Ngumbo, kati ya Lituhi na Liuli, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, bado inategemea petroli iliyosafiri mamia ya kilomita kutoka bandari ya Dar es Salaam au Mtwara. Ndiyo maana bei kikomo za EWURA, mdhibiti wa nishati, huwa juu zaidi kwa wilaya za mbali kuliko kwa waliokaa bandarini.

Bei hiyo imetutesa zaidi ya mara moja. Baada ya misukosuko ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979, magari binafsi nchini Tanzania yalizuiwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuka, lita moja ilivuka shilingi 3,000. Kila bei inapopanda hivyo, habari ileile hurudi: kuna kifaa cha kufunga kwenye gari, kinavunja maji kuwa gesi, na injini haitakula tena mafuta kama zamani. Siku hizi mwenye simu hahitaji hata kumtafuta anayekiuza, kwani video za kumfundisha kukitengeneza zimejaa.

Haidrojeni si jambo geni. Henry Cavendish aliitambua mwaka 1766. Mwaka 1800 Nicholson na Carlisle waliyapitishia maji umeme yakaachana kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1807 François Isaac de Rivaz wa Uswisi alibuni gari lililosukumwa na injini ya haidrojeni, miongo mingi kabla ya gari la petroli.

Hata Afrika Mashariki imo katika historia hiyo. Novemba 21, 1917, ndege-puto ya kijeshi ya Wajerumani, L 59, iliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa imeelea kwa haidrojeni, kuja kumletea Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, silaha na dawa. Safari ilipangwa iwe ya kuja tu, kwa kuwa huku hapakuwa na mahali pa kupata haidrojeni ya kuirudisha. Kitambaa chake kingeshonwa mahema. Ilipofika anga la Sudan iliamriwa kurudi, ikatua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani, siku ileile ambayo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Tarehe 7 Aprili 1918 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, wakafa wote waliokuwamo. Mwaka 1937 ndege-puto Hindenburg nayo iliteketea huko Lakehurst, Marekani, wakafa watu 36.

Kuanzia hapo wenye viwanda walijifunza kuiheshimu gesi hii. Wauza ndoto hawakujifunza. Stanley Meyer wa Ohio alidai gari lake linatembea kwa maji. Mwaka 1996 mahakama iliona ni ulaghai mkubwa na kumwamuru arudishe dola 25,000 za wawekezaji. Daniel Dingel wa Ufilipino alitoa madai kama hayo kwa miongo kadhaa, na mwaka 2008 akatiwa hatiani kwa utapeli. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Pakistani, na baadhi ya wakubwa serikalini wakashangilia kabla wanasayansi hawajapinga.

Kosa lao wote ni moja. Maji ni majivu ya haidrojeni: ni kile kinachobaki ikishaungua. Ukitaka iungue tena, lazima kwanza uirudishie nguvu yote iliyotoka, na zaidi.

Tuhesabu. Kifaa wanachofunga mafundi ni chupa yenye sahani za stenlesi, maji yaliyotiwa kostiki soda ya watengeneza sabuni, nyaya za betri, na mpira unaopeleka gesi kwenye njia ya hewa ya injini. Alteneta ikitoa ampea 20 kwa volti 14, huo ni umeme wa wati 280. Kwa saa nzima, sahani zikipangwa vizuri, hutoka takriban lita 50 za haidrojeni. Zinaonekana nyingi, lakini uzito wake haufiki gramu 5, na nguvu yake ni ya mililita 17 za petroli, yaani kijiko kimoja cha chakula na tone juu yake. Injini nayo hugeuza kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, na alteneta hupoteza karibu nusu ya kile inachopewa. Kwa hiyo kupata kijiko hicho, gari limechoma zaidi ya mililita 200. Dereva anayeona nafuu mara nyingi ameipata kwa sababu siku ya kufunga kifaa alibadilishiwa plagi na kichujio, na tangu hapo anakanyaga mafuta taratibu akitazama geji.

Hatari ni kubwa kuliko hasara. Haidrojeni huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa. Mvuke wa petroli hauwaki ukizidi asilimia 8 hivi. Cheche ndogo mno huiwasha haidrojeni, haina harufu, na mwali wake mchana hauonekani kirahisi. Ndani ya chupa ile imekwisha kuchanganyika na oksijeni, tayari kulipuka. Injini ikirudisha moto kupitia mpira, chupa hupasuka na kumwagia kostiki soda macho ya aliye karibu. Anayetia chumvi ya kula badala ya kostiki hutengeneza klorini, gesi ya sumu. Maji yanayogeuka rangi ya kahawia yana kromi iliyotoka kwenye sahani, nayo ni sumu vilevile.

Haidrojeni ina mahali pake. Toyota Mirai ya mwaka 2014 hutembea kwayo, lakini gesi ilitengenezwa kwingine, ikashindiliwa kwa baa 700 kwenye matangi yaliyopimwa. Kenya mwaka 2023 ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, na moja ya shabaha zake ni mbolea, kitu ambacho mkulima wa kahawa Mbinga anakihitaji kuliko chupa ya gesi chini ya boneti. Hapa nchini tayari magari yanatumia gesi asilia, mitungi yake ikifungwa na mafundi waliofunzwa.

Kwa hiyo nawasihi mafundi wa Mbinga na madereva wa Ngumbo: msifunge kifaa hiki, na aliyekwisha kukifunga akifungue leo. Pimeni upepo wa matairi, safisheni kichujio cha hewa, punguzeni mwendo na mzigo. Hizo ndizo njia za kupunguza mafuta ambazo hazimpofushi mtu.