Wageni waliopewa hati: familia ya Grant, Thika na Njoro

Wiki hii tulitaka kuendelea na historia ya reli, lakini tumekwama kwenye familia moja tu. Mtatuvumilia.

Reli hii inayopita upande wetu kwenda Namanve, Waingereza waliianza Mombasa mwaka 1896 wakaiita Reli ya Uganda. Mwaka 1901 ikafika ziwani, hapo Kisumu ya leo. Kampala yenyewe ilisubiri mpaka 1931! Ilikula zaidi ya pauni milioni 5, halafu treni zikakosa mizigo ya kutosha. Basi serikali ikatafuta watu wa kulima kando ya njia. Ndio walowezi hao. Na hili lilitushangaza: Naivasha, Nakuru na Njoro zilikuwa ndani ya Uganda mpaka 1902, mpaka ulipohamishwa. Yaani hata ukikaa kwenu bila kusogea, nchi inaweza kukuhama.

Jos na Nellie Grant walifika mwaka 1912, wakachukua ekari 500 huko Thika ili walime kahawa. Mwaka uliofuata akaja binti yao Elspeth, mtoto wa miaka mitano sita hivi. Huyu ndiye Elspeth Huxley, aliyekuja kuandika kitabu The Flame Trees of Thika mwaka 1959. Watu wengi wanakisoma kama hadithi tamu ya utoto, na ni kitamu kweli. Ila sisi kuna kurasa tulizozisoma taratibu. Kufika porini pasipo nyumba. Kuanza na kibanda cha nyasi. Kahawa inataka miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na hawa hawakuwa matajiri, pesa ilikuwa inaisha. Mzazi yeyote aliyewahi kupewa kiwanja Nakivale angemwelewa Nellie hapo.

Kufanana kwetu kunaishia hapo lakini. Nakivale unapewa kiwanja ulime, si chako, huwezi kukiuza. Kwa Grant ilikuwa kinyume: mgeni ndiye mwenye hati, na Mkikuyu aliyezaliwa pale ndiye anayekaa kwa hisani. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Miaka 999, jamani! Mwafrika hakuwa na hati yoyote mbele ya serikali. Mwaka 1918 ikatoka sheria nyingine: ukitaka kukaa kwenye shamba la mlowezi na mbuzi zako, umfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hao ndio walioitwa maskwota. Juu yake kikaja kipande, karatasi yenye alama za vidole, mwanaume anaivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Sisi tunaojua tumbo linavyokata ukisahau kadi ya ukimbizi nyumbani, hapo tulinyamaza kidogo.

Elspeth mtoto hakutunga sheria hizo. Aliwapenda watu wa pale na aliandika juu yao kwa uangalifu kuliko walowezi wengi. Tulibishana sana kama hilo linapunguza kitu. Hatukukubaliana.

Mtu akauliza: kwa nini Buganda haikujaa mashamba kama ya Thika? Sehemu kubwa ya jibu ni Mkataba wa 1900, uliogawa ardhi ya mailo kwa Kabaka na machifu. Mwananchi wa kawaida naye aliumia, akawa mpangaji wa chifu, ila Mzungu hakupata nafasi kama ya Kenya.

Na kwetu Kivu? Wabelgiji waliunda kamati ya ardhi mwaka 1928, ikawagawia walowezi mashamba. Kuanzia 1937 wakahamisha familia kutoka Rwanda kuzipeleka Masisi, mashamba yakapata wafanyakazi. Walowezi wameondoka, ugomvi wa nani mwenyeji na nani mgeni umebaki, na baadhi yetu tuko Kampala kwa sababu ya ugomvi huo. Kundini kwetu wamo watoto wa pande zote mbili, kwa hiyo sehemu hii tuliisoma polepole, kila mmoja akiangalia maneno yake.

Turudi kwa akina Grant. Vita vya 1914 viliwatoa Thika, Jos akarudi jeshini. Baada ya vita walirudi Kenya, na miaka ya 1920 Nellie akaanza upya Njoro, ile iliyokuwa Uganda. Alijaribu zao moja baada ya jingine. Jos alifariki 1947. Nellie alibaki, akapita kipindi cha Mau Mau, akaiona bendera ya Kenya huru. Mwaka 1965, akiwa na miaka karibu 80, aliacha shamba akahamia Ureno, nchi ambayo hakuzaliwa, akafia huko mwaka 1977.

Barua zake kwa binti yake zilichapwa baadaye kitabu kizima. Barua za maskwota wake hatujaziona popote. Kama bibi au babu yako alifanya kazi kwenye shamba la mlowezi, Kenya, Kongo au kokote, muulize alilipwa nini na alilala wapi, utuandikie hapa chini. Kiswahili chochote, hata cha Bunia.