Kope Zinazogeukia Ndani: Kwa Nini Narok, Si Kisii?
Trakoma, ugonjwa wa macho, huacha makovu ndani ya kope. Makovu huivuta kope, nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho hadi upofu. Kaunti ya Narok nchini Kenya imeteswa na trakoma miaka mingi, ilhali Kisii na Nyamira, majirani zake, hazitajwi miongoni mwa ngome za ugonjwa huo. Wengine husema chanzo ni ng'ombe na nzi. Lakini Wagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, nao walifuga tangu zamani. Tofauti kubwa ni maji: milima yao hupata mvua nyingi, hivyo uso wa mtoto huoshwa bila kubania kibuyu. Tiba je? Upasuaji wa kugeuza kope nje bado ni wa lazima kwa aliyekwisha kuumia. Hata hivyo, kisu huja baada ya kovu. Ndiyo maana mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1990 uliunganisha upasuaji, dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira.