Gari limelala miaka? Usikimbilie stata, anza na haya

Karibu kila mtaa una gari la aina hii: Corolla ya miaka ya 90 au Land Cruiser ya zamani, imeegeshwa chini ya mwembe, tairi hazina upepo, kioo cha mbele kimejaa majani. Mwenyewe alihamishwa kikazi, au alifariki na mirathi ikachukua muda, au pesa ya spea ilikosekana. Halafu siku moja familia inaamua: gari liamke.

Kinachofuata mara nyingi ni kilekile. Inaazimwa betri ya jirani, vijana wanaitwa kusukuma, ufunguo unazungushwa. Injini ikiwaka watu wanashangilia. Wiki moja baadaye fundi anasema injini ifunguliwe.

Magari mengi hayafi kwa kulala. Yanakufa kwa kuamshwa vibaya. Hizi ndizo hatua za kufuata kabla na baada ya kugusa ufunguo.

1. Uliza lililala kwa nini

Gari lililoegeshwa likiwa zima ni kitu kimoja. Gari lililoegeshwa kwa sababu lilichemsha au lilikuwa linagonga ni kitu kingine. Uliza aliyeliendesha mara ya mwisho. Kama lilichemsha, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, na hakuna betri mpya itakayotibu hilo.

2. Fungua boneti, tafuta wageni

Panya hupenda magari yaliyolala. Hutafuna nyaya na kujenga kiota ndani ya boksi la filta ya hewa. Manyigu nao hujenga kwenye bomba la ekzozi. Toa uchafu wote na kagua nyaya moja moja. Waya uliochunika ukipata umeme unaweza kuwasha moto.

Gari likiwa limelala Tanga, Mombasa au Zanzibar, angalia pia kutu chini ya bodi na kwenye paipu za breki. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi haina huruma na chuma.

3. Badili oili kabla, si baada

Gari likikaa muda mrefu, oili yote hushuka kwenye sampu. Kuta za silinda na beringi hubaki karibu kavu. Hapo ndipo stata ya ghafla inapoleta madhara: chuma kinasugua chuma.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili ina rangi ya maziwa au chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Simama hapo, muite fundi. Ikiwa ni nyeusi ya kawaida, imwage, weka filta mpya na oili mpya ya aina inayotakiwa na injini hiyo.

Fungua na rejeta, injini ikiwa baridi. Maji yenye rangi ya kutu ni dalili kwamba gari lilikuwa linatumia maji matupu. Safisha, kisha jaza kulanti. Bonyeza paipu za mpira: iliyopasuka au iliyokauka kama kuni ibadilishwe.

4. Petroli ya zamani si petroli tena

Petroli huanza kupoteza nguvu baada ya miezi michache. Ikikaa zaidi hugeuka kuwa na harufu kali kama ya vanishi na kuacha utomvu unaoziba kabureta, pampu na nozeli. Kuongeza lita tano mpya juu ya mafuta yaliyooza hakusaidii. Toa yote, badili filta, kisha weka mapya.

Dizeli huvumilia zaidi, lakini maji yakiingia kwenye tangi, vijidudu huota kati ya maji na mafuta na kutengeneza uchafu kama kamasi. Kwa dizeli, toa maji kwenye filta, kisha tumia pampu ya mkono kuondoa hewa kwenye mfumo kabla ya kupiga stata.

Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, sigara na cheche. Mafuta machafu usiyamwage mtaroni wala usiwashie takataka. Moshi wa petroli hushika moto kabla hujarudi nyuma hatua moja.

5. Zungusha injini kwa mkono

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa pesa. Kwa injini ya petroli, toa plagi zote. Mimina oili kidogo, kama kijiko kimoja cha chai, kwenye kila tundu. Acha ilale usiku mzima.

Kesho yake weka gia nyutro, shika spana kwenye nati ya puli ya chini ya injini, na izungushe taratibu kuelekea upande injini inakozunguka kawaida. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, habari ni njema.

Ikikataa, usilazimishe. Usiweke gia ya pili ukaita vijana wasukume. Pistoni iliyoganda kwa kutu ikilazimishwa inaweza kuvunja ringi au kukwaruza silinda. Ongeza oili, subiri siku kadhaa, jaribu tena. Injini ya dizeli mwachie fundi hatua hii.

6. Mkanda wa taimingi

Mpira huzeeka hata gari lisipotembea. Injini nyingi za zamani, ikiwemo 1HZ ya Land Cruiser, hutumia mkanda wa taimingi. Kwenye baadhi ya injini, mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni, na hapo gharama inaweza kuzidi thamani ya gari. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba umekwisha. Injini kama 1NZ ya Toyota IST hutumia cheni, hivyo hilo halikuhusu.

7. Betri

Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa haijaunganishwa. Iliyokaa tupu kwa mwaka mara nyingi haifufuki. Hata ikichajiwa itakuangusha njiani.

Ukilazimika kubusti, fuata mpangilio: chanya ya betri iliyokufa, chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, na mwisho hasi kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Kuzichanganya chanya na hasi huunguza kontroli boksi.

8. Sasa, ufunguo

Toa gari nje au fungua milango yote ya gereji. Moshi wa ekzozi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu aliyekaa chumba kilichofungwa.

Kwanza piga stata injini ikiwa haipati moto wala mafuta: plagi zikiwa nje, koili na pampu ya mafuta vimechomolewa. Sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izimike. Hapo oili imefika juu. Rudisha kila kitu, washa.

Taa ya oili ikibaki inawaka zaidi ya sekunde chache, zima mara moja. Usikanyage mafuta "kulisafisha koo". Liache lipumue taratibu huku ukiangalia geji ya joto na kuchungulia mivujo chini. Moshi wa bluu mwanzoni ni ile oili uliyomimina; utaisha. Moshi mweupe mzito usioisha maana yake maji yanaungua ndani.

9. Breki ndiyo roho ya mtu

Injini ikiwaka, kishawishi ni kuzunguka mtaani kidogo. Hapana. Gari lisilowaka halijawahi kumgonga mtu. Gari linalowaka bila breki ndilo la kuogopa.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila miaka miwili hivi, hata kwa gari linalotembea. Ikiwa na maji, huchemka ukishuka mlima na pedali huzama hadi chini. Maji hayo pia huleta kutu kwenye masta silinda na silinda za magurudumu.

Fungua magurudumu yote manne. Angalia mivujo nyuma ya ngoma, pedi zilizoganda kwenye diski na handibreki iliyoshika. Mwaga oili yote ya zamani, weka mpya ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Gari likiwa juu ya jeki, weka stendi za chuma chini yake. Jeki peke yake si ya kuaminiwa, na matofali ni hatari zaidi.

10. Soma umri wa tairi

Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikapasuka. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni. 1216 ni wiki ya 12 ya mwaka 2016. Iliyopita miaka 10 isiingie barabarani, hata ikionekana mpya. Kabla ya hapo, nyufa ubavuni zinatosha kuikataa.

Safari ya kwanza

Iwe fupi, mchana, mwendo mdogo, sehemu isiyo na watu wengi. Jaribu breki ukiwa mwendo wa kutembea kwa miguu. Kagua bima kabla ya kutoka. Ya zamani imekwisha muda wake zamani. Baada ya kilomita chache simama, fungua boneti, gusa kila gurudumu kwa tahadhari. Linalochoma kuliko mengine breki yake imeshika.

Bajeti ikiwa ndogo, anza na breki na tairi, kisha oili, filta na betri. Rangi na redio vitasubiri.