Uthibitishaji Mlangoni

Tangu mwaka 1996, Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Taarifa za namna hii siku hizi hukaa kwenye seva, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imefanya kuzilinda kuwe wajibu. Ukitaja ulinzi wa mtandao, wengi hufikiria nywila ya Wi-Fi. Lakini katika ofisi yoyote yenye kazi kama hiyo kuna tundu la kebo ukutani, pengine kwenye korido wanakokaa wageni, na anayechomeka kompyuta yake hapo yumo ndani bila kuulizwa jina.

Kinga ya tundu hilo imeelezwa katika kiwango cha IEEE kiitwacho 802.1X, kilichotolewa mwaka 2001. Tundu lenyewe, port kwa Kiingereza, tuliiteje kwa Kiswahili? Mafundi husema poti, na wanaelewana. Kwa maandishi napendelea mlango, kwa kuwa bandari ni ya meli, na lango limekwisha kupewa kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Ugumu unaanzia kwenye kuunganisha maneno. Ukiandika “uthibitishaji wa mlango”, msomaji ataelewa kwamba mlango ndio unaothibitishwa, kumbe anayethibitishwa ni yule anayetaka kupita. Mlango ni mahali tu. Lugha yetu ina kiambishi cha mahali, nacho kinamaliza kazi kwa silabi moja: uthibitishaji mlangoni.

Wahusika ni watatu. Kompyuta inayotaka kuingia ni mwombaji. Mwenye kuamua ni seva ya uthibitishaji, ambayo kwa kawaida huzungumza itifaki ya RADIUS. Katikati ipo swichi, kifaa ambamo kebo za matundu ya ukutani huishia, na hapa Kiingereza kinapotosha, maana kinaiita mthibitishaji ilhali haithibitishi chochote. Mimi ningeiita bawabu: anapokea hodi, anauliza jina, anapeleka ujumbe ndani, kisha anafungua au anaacha pamefungwa kama alivyoagizwa.

Kabla ya jibu kurudi, mlango hupitisha ujumbe wa uthibitishaji peke yake. Hata ombi la kupewa anwani ya IP haliendi popote, kwa hiyo mgeni haoni printa wala seva yoyote. Seva ikikubali, inaweza pia kuiambia swichi imweke mwombaji katika VLAN fulani, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa na nyingine, labda wageni kwao na watunza takwimu kwao. Hiyo sehemu ya pili ni uidhinishaji, na tusiichanganye na ya kwanza: kujua mtu ni nani hakutoshi kusema aruhusiwe wapi.

Upo udhaifu unaopaswa kusemwa wazi. Katika matoleo ya mwanzo, mlango ukishafunguliwa kwa mmoja, mtu aliyeweka kigawanyio cha kebo katikati aliweza kupenya nyuma yake. Toleo la mwaka 2010 liliunganisha uthibitishaji na usimbaji wa MACsec ili kuziba pengo hilo. Printa nyingi za zamani nazo hazijui kuomba. Swichi huzitambua kwa anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao ya kifaa, ambayo huighushi kwa urahisi yeyote anayeijua, kwa hiyo milango ya printa ipewe VLAN yake yenye mipaka mikali.

Kwa bonde la Kilombero naongeza jambo moja, nalo nalihesabu kuwa zito kuliko yote. Taasisi yenye ofisi Ifakara, Bagamoyo na Dar es Salaam itavutiwa kuweka seva moja Dar na kuishia hapo. Kiungo kati ya Dar na Ifakara kikikatika, kila kompyuta itakayowashwa Ifakara asubuhi hiyo itabaki nje ya mtandao wa jengo lake lenyewe, hata kama seva ya takwimu ipo chumba cha pili. Fundi aliyebanwa na malalamiko atazima uthibitishaji kwenye swichi zote, na mara nyingi hataurudisha. Seva ya pili ya RADIUS, yenye betri yake, ikae Ifakara tangu siku ya kwanza.