Gudwili Si Uchawi: Hesabu Iliyozaliwa Pombe Ilipopigwa Marufuku

Wasee, uliza bei ya kinyozi yoyote inayouzwa hapa Nairobi. Utaonyeshwa viti, vioo na mashine, halafu utaambiwa, "Na gudwili ni 300,000." Ukiuliza hiyo 300,000 imetoka wapi, jibu ni moja tu: "Hapa pana jina." Watu wa Pwani huiita kilemba. Mimi nasema kama hiyo gudwili haina hesabu, usilipe. Na hesabu yenyewe ipo, ina zaidi ya miaka 100.

Ilianzia Marekani. Januari 1920 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima. Viwanda vya bia vilibaki na mapipa, majengo na farasi wa kuvuta mikokoteni, lakini lile jina lililokuwa likivuta wateja likafa siku hiyo. Wenye viwanda wakataka hasara hiyo ihesabiwe kwenye kodi. Sasa shida: pipa unaweza kulipima, jina utalipima na nini?

Mwaka huo huo Wizara ya Fedha ikatoa waraka unaoitwa ARM 34. Wazo lake ni simpo. Chukua faida ya wastani ya miaka kadhaa, kama 5. Toa faida ambayo vifaa peke yake vingestahili kuleta, tuseme asilimia 10 ya thamani yake. Kinachobaki kimeletwa na jina. Kizidishe, kwa mfano mara 5, hiyo ndio gudwili. Biashara ikiwa na risk kubwa, unazidisha kidogo.

Mwaka 1968 watu wa kodi wa huko wakairudia hiyo hesabu kwenye mwongozo namba 68-609, na wakasisitiza kitu ambacho wauzaji wetu hawakwambii: kama mwenye biashara anafanya kazi humo mwenyewe, toa kwanza mshahara wake. Wakasema pia kwamba ukiwa na ushahidi mzuri zaidi wa bei, achana na hii fomula.

Tuiweke mtaani. Sikumaliza chuo, lakini kutoa na kuzidisha najua. Tuseme kinyozi ina vifaa vya 200,000 na faida ni 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Jamaa anataka 900,000.

Ukisahau mshahara, unatoa 20,000 ya vifaa, unabaki na 340,000. Mara 5 ni 1,700,000. Ongeza vifaa, unapata 1,900,000. Ile 900,000 inaanza kukaa kama bei ya kutupa, na unakimbia kukopa sacco.

Ngoja kwanza. Huyo jamaa hunyoa mwenyewe kutoka asubuhi hadi usiku. Ukiajiri mtu wa kunyoa kwa 22,000 kwa mwezi, hiyo ni 264,000 kwa mwaka. Faida inabaki 96,000. Toa 20,000 ya vifaa, inabaki 76,000. Mara 5 ni 380,000, ukiongeza vifaa ni 580,000. Na mimi kwa duka la mtaani, lenye mwenye nyumba anayeweza kupandisha kodi, ningezidisha mara 2 tu: 152,000 na 200,000, jumla 352,000. Duka ni lile lile, viti ni vile vile. Tofauti ni kwamba kwa 900,000 ungekuwa umelipia jasho lako mwenyewe, tena kabla hujaanza kutoka jasho.

Na hata hiyo 152,000 ina swali: jamaa akiondoka, jina linabaki na nani? Hili swali ni kuukuu kuliko ile bia. Mwaka 1810 huko Uingereza, mtu wa biashara ya kusafirisha mizigo alifilisika, biashara yake ikauzwa na gudwili yake. Yeye akaanza upya kazi ile ile. Wanunuzi wakaenda kortini azuiwe. Jaji Lord Eldon akakataa. Kwake, gudwili ilikuwa tu ule uwezekano wa wateja wa zamani kurudi pale pale pa zamani. Mwaka 1896, kwa kesi ya Trego na Hunt, korti ya juu kabisa ya huko ikaongeza ulinzi kidogo: aliyeuza anaweza kufungua nyingine, lakini asiwafuate wateja wa zamani kuwaomba warudi kwake.

Sasa fikiria kinyozi anayeitwa kwa jina na kila mteja, na namba zao zote ziko kwa simu yake. Akifungua nyingine mtaa wa pili, umenunua vioo.

Kwa hivyo kabla hujatoa doo, omba rekodi za till za miezi 12, si hadithi. Kaa hapo wiki nzima uhesabu vichwa. Ongea na mwenye nyumba ujue kama atakukubali na kwa kodi gani. Halafu muandikiane kwamba muuzaji hatafungua kinyozi hapo karibu kwa muda mtakaokubaliana, na hatawaita wateja. Akikataa kuandika hiyo, amekujibu mwenyewe gudwili yake ni ngapi. Mpe bei ya viti.